Hofu ya Kuazima

Jumanne, tarehe 11 Novemba 2087. Asubuhi hiyo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu usiku juu ya vilima vya Rungwe na ukakataa kuondoka, na baridi ilikuwa ile inayopenya kwenye vishimo vya vifungo. Mkulima angesema ni asubuhi tulivu. Walinzi wa bonde hawakuipenda kamwe. Upepo ukilala, hewa nzito huamka.

Tusekile Mwambene alisimama juu ya ngazi ya chuma inayoshuka Bonde la Lukwego. Alisoma Neno la Siku kwenye kijitabu chake cha kanisa, akalirudia mara tatu kimoyomoyo, kisha akakitia kijitabu ndani ya koti. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia jikoni, kwenye kantini ya kituo hiki hiki cha mvuke, akisonga ugali wa watu mia mbili. Alipofika arobaini na saba akaanza masomo ya jioni katika ukumbi wa kanisa, hesabu Jumatatu na kemia Jumatano, akikaa benchi moja na vijana waliomwita bibi na kumwomba awaletee maandazi. Sasa alikuwa mwanafunzi wa ulinzi wa bonde. Zilibaki siku tatu ale kiapo.

"Shikamoo, Mama Lugano," ilisema sauti nyuma yake.

"Marahaba, Mwalimu."

Salamu hiyo iliwachekesha watu wa kituo. Ipyana Mwakalobo, mlinzi hodari kuliko wote Lukwego, alikuwa na miaka thelathini na mitatu, rika moja na Lugano, kifungua mimba wa Tusekile. Kwa hiyo kila asubuhi mwalimu alimpa mwanafunzi shikamoo, na mwanafunzi akamwita mwalimu, na hakuna aliyejua nani hasa amemheshimu mwenzake zaidi.

"Umelala?" Ipyana aliuliza.

"Kidogo. Nimeota bonde."

"Ukiota bonde ni vizuri. Siku usipoota, hapo ndipo nitakapokuwa na wasiwasi nawe."

Aligusa shanga ndogo iliyopachikwa nyuma ya sikio lake. Tusekile akagusa ya kwake. Ubaridi ulimshuka shingoni, kisha akausikia moyo ambao haukuwa wake, ukidunda taratibu ndani ya kifua chake mwenyewe. Uzi ulikuwa umeshika.

Visima vya Lukwego vilitoa mvuke uliowasha taa za miji mitatu. Pamoja na mvuke ilitoka hewa ukaa, isiyo na rangi wala harufu, nzito kuliko hewa ya kawaida. Ilitiririka kama maji kutafuta mahali pa chini, ikalala hapo kwenye nyasi na kungoja. Chuo cha walinzi wa bonde kilijaribu mitambo ya kuipima. Tindikali ya mvuke iliila mitambo hiyo kwa majuma matatu, na kabla ya kufa kila mtambo ulidanganya kwanza. Mshumaa nao ulionyesha hewa pale uliposhushwa tu, si kule inakokuja. Wakarudi kwa watu. Mlinzi mzuri alijua kabla ya kujua: magoti yalimwambia, na ulimi, na ngozi ya kichwa. Elimu hiyo haikuandikika kitabuni, ndiyo maana ukatengenezwa Uzi, ili hofu ya mwalimu ipite ndani ya mwili wa mwanafunzi kwa miaka mitatu, mpaka mwanafunzi aimiliki.

Ila uzi hupoa. Mwaka wa kwanza huwaka wenyewe. Mwaka wa pili mwalimu amekwisha kusimulia visa vyake vyote, mwanafunzi amekwisha kuuliza maswali yake yote, na wanashuka pamoja kama wanandoa waliochokana. Chuo kilipima joto la kila uzi, sifuri hadi mia. Uzi ukikaa chini ya arobaini miezi mitatu mfululizo, au ukishuka hapo katika juma la kiapo, unakatwa. Na aliyevuka miaka hamsini hapewi mwingine. Kati ya nyuzi kumi na moja zilizoanza pamoja na wa Tusekile, saba zilikatwa. Wa kwake nao uliwahi kushuka, thelathini na nane, kisha thelathini na sita, halafu ghafla ukapanda hadi themanini na kukaa huko. Tusekile alifunga siku mbili kumshukuru Mungu.

Walishuka. Kwenye bamba la juu ya ngazi palikuwa na maandishi mekundu: BONDENI HAKUNA ADABU. Wageni waliyacheka. Yaliandikwa baada ya mwanamke mmoja wa kijijini kupiga magoti huko chini kumsalimia mjomba wa mumewe, kama alivyolelewa, na hakuinuka. Bondeni hakuna anayepiga magoti, hakuna anayeinama, na kilichoanguka kimeanguka. Barakoa ya oksijeni ilining'inia shingoni. Haikuvaliwa mpaka mtu aogope, kwa sababu aliyeivaa hasikii kitu.

Kwenye kisima namba saba moyo wa Ipyana ulilipuka ndani ya kifua cha Tusekile. Magoti yakalegea. Ladha ya msumari ikajaa mdomoni. Alirudi nyuma hatua mbili.

"Umepata?"

"Nimepata, Mwalimu."

Ipyana alitazama kioo kidogo mkononi. "Themanini na moja. Mkaguzi akiona hii Ijumaa, atakuapisha huku amesimama."

Tusekile alikuwa anatazama miguu yake. Panzi walikuwa wanaruka kwenye vifundo vyake, wawili, watatu, wanene, wenye afya. Hewa nzito huanza na vilivyo chini. Bwana, mbona panzi wako hai? aliuliza moyoni, na kwa kuwa hakujibiwa, akamfuata mwalimu wake.

Walifika namba kumi na mbili, mahali pa chini kabisa. Uzi ulikuwa umetulia kama alasiri ya Jumapili baada ya chakula. Tusekile akaandika kwenye daftari: *12, salama.* Vidole vilikuwa na ganzi ya baridi. Penseli ikamponyoka, ikaangukia nyasini.

Aliiacha. Ipyana alikuwa katikati ya maneno, anamuuliza kama siku ya kiapo atavaa kitenge au gauni, na bila kukata maneno yake, kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri katika Rungwe asivyoweza kumwacha mama ainame mbele yake, akainama yeye.

"Acha, mama, nita—"

Hakuinuka.

Uzi haukusema kitu, na hicho ndicho kilichomwogofya Tusekile miaka yote baadaye. Hapakuwa na mshtuko wala kelele. Ule utulivu wa Jumapili uliendelea, ukazidi kuwa mwembamba, kama mtu anayesinzia kwenye ibada. Pembeni ya mkono wa Ipyana, nyasini, alimwona kwale na vifaranga wake wanne wamelala kwa mstari. Hawakuwa wamelala.

Akavaa barakoa, akavuta pumzi moja ndefu, akaushika mkanda wa mwalimu wake kwa mikono miwili. Miaka kumi na tisa ya masufuria na magunia ya unga ilimsaidia siku hiyo. Ngazi ina vidato arobaini na viwili. Alivipanda vyote kinyumenyume.

*

Chumba cha huduma ya kwanza kilinuka spiriti na mablanketi. Ilipofika saa tatu na nusu Ipyana alifungua macho.

"Nani amenitoa?"

"Mimi. Usiongee sana."

"Penseli je?"

"Imebaki. Nitanunua nyingine, haishindi bei ya jeneza."

Alijaribu kucheka, akakohoa. Tusekile akangoja kikohozi kiishe.

"Mwalimu, pale namba saba uliogopa nini?"

Ipyana alifumba macho.

"Kulikuwa na panzi," Tusekile akaendelea. "Wanarukaruka miguuni pangu, na wewe moyo unakimbia kama umekutana na chui. Namba kumi na mbili kwale amekufa na watoto wake, na wewe umetulia kama mtu aliyetoka kula. Mimi si msomi sana. Nieleze, mwanangu."

Hakuwa amewahi kumwita mwanangu. Ipyana akafungua vifungo viwili vya shati, akainua mkono wa kushoto. Kwapani palikuwa na kibandiko kidogo, ukubwa wa ukucha, rangi ya ngozi yake.

"Hiki hupewa wagonjwa ambao moyo wao huzembea," alisema. "Ukikibonyeza, unakimbia dakika mbili."

"Tangu lini?"

"Machi mwaka jana."

Tusekile alihesabu. Miezi ishirini.

"Hofu iliisha, mama. Siwezi kukwambia iliisha siku gani, mtu hajui siku aliyozoea. Nilikuta nashuka mle kama naingia sebuleni kwangu. Kila siku visima vile vile, mimi na wewe, maneno yale yale. Uzi ukashuka. Mwezi mmoja zaidi wangekukata, na kwa umri wako ndiyo ingekuwa basi. Niliona taabu uliyopata kufika hapa. Nikasema nabonyeza mara moja tu, tuvuke mwezi."

"Ukabonyezea wapi?"

"Namba saba."

"Kwa nini saba?"

"Pale ni salama. Na dirisha la ofisi ya mkaguzi linatazama pale."

"Kila siku namba saba."

"Karibu kila siku."

Tusekile alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Hofu ilikuwa inampanda polepole, na safari hii ilikuwa yake mwenyewe.

"Kwa hiyo mwili wangu umefundishwa kuogopa pasipo na kitu," alisema, "na kutulia penye kifo."

Ipyana aligeukia ukuta. Mabega yake yalicheza. Tusekile alimwacha alie. Alipomaliza, kijana akaongea huku bado ameupa mgongo ulimwengu.

"Kula kiapo Ijumaa, mama. Tusiseme. Halafu tutaanza upya kimyakimya, mimi na wewe. Jumatatu Mwandemele wa zamu ya mchana anastaafu, na mwenzake Sekela amehamishwa. Usipoapa, zamu ya mchana haina mtu. Chuo kitachukua miezi sita kuleta mwingine. Na chini ya bonde, hewa inakoteremkia, kuna shule."

Shule hiyo Tusekile aliijua. Watoto mia sita. Asubuhi zenye upepo wa kupanda, aliweza kusikia kengele yao akiwa kwenye ngazi.

*

Jumatano alishuka peke yake. Aliiacha shanga juu ya meza, akavaa barakoa shingoni, akamweleza mlinzi wa lango kwamba asipoonekana kwa dakika ishirini apige king'ora. Upepo ulikuwa umeamka kidogo na bonde lilikuwa limepimwa kwa mshumaa tangu alfajiri. Lilikuwa safi kote. Alitaka kujua jambo moja tu.

Kwenye namba saba moyo wake ulianza kukimbia. Hapakuwa na uzi. Hapakuwa na Ipyana. Magoti yalilegea, ladha ya msumari ikaja, na jasho likamtoka katika baridi ile. Akili ikamwambia hakuna kitu hapa. Mwili haukusikia.

Akaendelea hadi namba kumi na mbili. Nyasi zilikuwa bado zimelala pale alipomburuta mtu jana. Kwale walikuwa bado wapo, siafu wamewafikia. Alisimama pale, akaujaribu mwili wake kama mtu anayegusa jino linalouma. Ulikuwa umetulia. Ulitulia kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Alimwona kwale, alimkumbuka Ipyana uso umegeuka rangi ya majivu, na bado ndani ya mifupa yake kitu kiliendelea kumwambia, pumzika, hapa ni pazuri.

Alipanda ngazi mbio kwa mara ya kwanza tangu ujana wake.

Usiku huo alipiga magoti kando ya kitanda na maneno hayakuja. Kila upande aliogeukia palikuwa na watoto mia sita. Akinyamaza, Jumatatu watapata mlinzi ambaye mwili wake unadanganya, na atakuwa na cheti, na hakuna atakayemuuliza. Akisema, watabaki bila mlinzi wa mchana kwa miezi sita, Ipyana atanyang'anywa leseni, na yeye atarudi jikoni, ambako sufuria hazikumchukia, lakini alikuwa ameziaga. "Bwana," alisema mwishoni, "wewe ulinipa akili uzeeni. Usinifanye nitumie akili hiyo kuua watoto wa watu." Akabaki hapo hadi miguu ikafa ganzi.

Alhamisi alfajiri alikwenda kwa Ipyana.

"Kitoe," alisema mlangoni, kabla ya salamu.

"Nimekwisha kukitoa. Kipo mfukoni."

"Basi tushuke. Na hiyo shanga yako, nimesikia ina upande wa kumsikia mwanafunzi. Ni kweli?"

Ipyana aliona haya. "Ina. Tunaufunga baada ya mwezi wa kwanza. Walimu wote. Hofu ya mwanafunzi inachosha, mama. Unashindwa hata kula."

"Miaka karibu mitatu hujanisikia?"

"Nilidhani nakujua."

"Ufungue."

Aliupapasa nyuma ya sikio, akasugua kidogo kwa ukucha. Tusekile hakuhisi tofauti yoyote. Ila Ipyana alishika nguzo ya mlango kwa mikono miwili, na midomo yake ikakauka palepale.

"Hii," alisema, "hii si hofu ya hewa."

"Si ya hewa."

"Ni ya nini?"

"Ya mwili wangu. Namba kumi na mbili unaniambia nilale."

Ipyana aliiachia nguzo. "Na hivi ndivyo umekuwa unaishi?"

"Tangu Jumanne. Kabla ya hapo nilikuwa nakuogopa wewe tu, kwamba utanichoka."

Walishuka taratibu. Tusekile alimsikia mwalimu wake akihema kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza, akishika mkono wa ngazi kila kidato. Namba saba mwili wa Tusekile ulianza ujinga wake, na Ipyana akaupokea, akasema kwa sauti ya chini, "Si kweli, mama, hapa hakuna kitu, usiuamini," na wakapita. Namba tisa. Namba kumi. Mbele ya namba kumi na mbili Ipyana alisimama.

Tusekile akahisi kitu. Kilikuwa kidogo mno. Hakikuwa na msumari wala mlipuko. Kilikuwa kama mtu aliyekugusa bega kwa kidole kimoja katika chumba ulichodhani uko peke yako.

"Hicho," Ipyana alinong'ona, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kujua. "Hicho ndicho, mama. Nilidhani kimekufa. Vaa."

Wakavaa barakoa. Ipyana alishusha mshumaa kwa fimbo ndefu. Ulipofika usawa wa goti, ulizimika kana kwamba umebanwa na vidole.

Juu ya ngazi, walipokwisha kuwasha feni za kufukuza hewa nzito bondeni na kupumua, Ipyana alitazama kioo cha mkononi, akamgeuzia Tusekile aone. Joto la uzi lilikuwa ishirini na tisa. Chuo kilipima nguvu ya moyo wa mwalimu, na hofu ya kweli haikuwa na nguvu. Ilikuwa na ukweli tu.

"Kesho wanakata," alisema Ipyana.

"Ndiyo."

"Tukibandika tena, ni asubuhi moja tu."

Hakusema kama anayemshawishi. Alisema kama anayeweka jambo mezani ili lionekane lilivyo. Tusekile alilitazama. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda baadaye kukiri.

*

Ukumbi wa kituo ulijaa Ijumaa saa nne. Walinzi walivaa makoti yao ya bluu. Wazazi wa shule walikaa nyuma, kwa kuwa kiapo cha bondeni huliwa mbele ya wanaoishi chini ya bonde, na mbele yao alikaa mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Mwasaka, mtu wa maneno makali aliyezika mtoto mmoja miaka ya kabla ya walinzi. Mezani alikuwa Mkaguzi Minza Shigela kutoka Chuo, na rejista ya joto la nyuzi.

"Uzi huu una wastani wa sabini na tisa kwa miezi ishirini," alisema Mkaguzi. "Jana umeandika ishirini na tisa. Nachukulia ni hitilafu ya shanga. Mama Mwambene, simama. Unayajua maneno?"

Tusekile aliyajua. Alikuwa ameyakariri akichambua mchele, akipiga pasi, akingoja usingizi. *Nimepokea hofu ya mwalimu wangu, nami naishika kama yangu.* Akasimama. Alitazama nyuma ya ukumbi, akaona mama mmoja anamfuta mtoto kamasi kwa upindo wa kanga.

"Siwezi kuyasema, Mheshimiwa. Hayatakuwa kweli."

Mkaguzi akaiweka kalamu chini.

Akaeleza. Hakujua kupamba, akaeleza kama mtu anayesoma orodha ya viungo: panzi, kwale, penseli, kibandiko, namba saba, namba kumi na mbili. Alipofika kwenye jina la mwalimu wake alinyamaza, na kabla hajaamua, kiti kilisukumwa. Ipyana alitembea hadi mezani, akakiweka kibandiko juu ya rejista.

"Ni mimi," alisema. "Yeye hakujua hadi Jumanne. Na Jumanne ndiye aliyenitoa."

Minung'uniko ilianza nyuma ikaja mbele. Mzee Mwasaka alisimama na fimbo yake.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema. "Miezi ishirini tumelala tukijua tunalindwa, kumbe kijana anabonyeza kwapa. Wewe Ipyana, watoto wetu ulikuwa unawaonaje?"

"Nilikuwa siwaoni tena, mzee," Ipyana alijibu. "Nilizoea."

Jibu lile lilimkalisha mzee. Hakulitegemea.

Mkaguzi Shigela alikuwa amekigusa kibandiko kwa ncha ya kalamu, bila kukiinua. Aliongea polepole, na Tusekile aliona kwamba naye ameogopa, pengine kwa sababu ya nyuzi nyingine zenye themanini zilizoandikwa kwenye rejista ile.

"Kanuni iko wazi. Uzi umekatwa. Leseni ya mwalimu imesimamishwa mpaka baraza likae. Mama, kwa umri wako hakuna uzi mwingine. Nakusikitikia." Akageuza kurasa. "Kuanzia Jumatatu zamu ya mchana haina mtu. Naweza kuruhusu wasaidizi wasio na leseni kwa siku tisini, wakiwa wawili, na wakikubaliwa na watu wa chini. Sina zaidi ya hapo. Na sitalazimisha."

Alinyosha mkono. Ipyana akavua shanga. Tusekile akavua ya kwake, na moyo wa pili ambao aliuzoea kwa karibu miaka mitatu ukazimika kifuani mwake. Palibaki mmoja. Ulikuwa unakimbia.

"Wasaidizi gani?" aliuliza Mzee Mwasaka. "Hawa? Mmoja haogopi, mwingine anaogopa pasipostahili. Tuwape watoto?"

"Jana tulishuka wawili tukaipata," Ipyana alisema. "Peke yangu nisingeipata. Peke yake asingeipata."

"Mlikuwa na hizo shanga. Leo hamna."

"Leo tuna midomo," Tusekile alisema.

Watu walimgeukia. Hakuwa amepanga kusema zaidi. Alijua tu kwamba akikaa sasa hatainuka tena.

"Uzi ulitufanya tuache kuulizana," alisema. "Nilidhani nayajua yote yaliyomo kifuani mwake, naye alidhani anayajua yangu. Kila mtu akanyamaza. Ndivyo tulivyopoa. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, mzee, lakini lazima amwambie mwenzake kwamba ameogopa."

"Na mkizoea tena?" Mzee Mwasaka aliuliza, na sasa sauti yake haikuwa na kejeli. Alikuwa anauliza kweli. "Kwa sababu mtazoea. Hata mimi nilikwisha kuzoea kaburi la mwanangu."

Tusekile alitafuta jibu, akalikuta ni moja tu, na lilimtia hofu kuliko ngazi, kuliko nyasi za namba kumi na mbili. Alitoka kwenye safu ya viti, akasimama pale wanaposimama wanaoapa, uso kwa wazazi, mgongo kwa meza ya Mkaguzi.

"Mimi Tusekile Mwambene, bila uzi na bila cheti, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu mnaolala chini ya bonde. Sitashuka peke yangu, wala sitamwacha Ipyana ashuke peke yake. Kila kisima nitamwambia kwa mdomo ninachosikia, hata kikiwa cha kipumbavu, naye ataniambia chake. Na siku nitakaposhuka bonde lile nisiogope, nitakuja hapa siku hiyo hiyo, niseme kwa sauti, mnisikie wote. Mtawatoa watoto kwanza. Kisha mtanitoa mimi."